Kabla Midomo Haijagusana

Kazi yangu ni kutia picha fremu. Karakana iko Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, na mpita njia husikia msumeno kabla ya kuniona mimi. Nakata mbao, nakata kioo, naweka kadibodi mgongoni, napiga pini, nafunga waya wa kutundikia. Picha huja na wenyewe: za harusi, za mahafali, za marehemu, za Bwana Yesu akibisha hodi. Halafu kuna zile ambazo watu huzichana kwenye kalenda mwaka ukiisha kwa kuwa roho imekataa kuzitupa: bustani iliyojaa maua, msichana na mvulana kwenye bembea, sanamu nyeupe za watu waliokumbatiana. Wengi huzitaka kwa ajili ya sebule, wachache kwa chumba cha kulala. Mama mmoja aliitaka yake ikae jikoni, sababu aijuaye ni yeye.

Fundi aliyenifunza kazi hii aliziita picha za biskuti, kwa vile zinafanana na zile za kwenye mikebe ya biskuti za Krismasi. Alizitia fremu harakaharaka, kwa mbao zilizobaki. Mimi nazipa muda wake. Si kwamba zote ni nzuri, nyingine ni sukari tupu, lakini zilizo nzuri zina mambo ambayo mtu hayaoni mpaka azikalie chini.

Aliyenifundisha kuzikalia chini ni mteja, mwalimu mstaafu aliyefundisha jiografia na sanaa katika shule za sekondari za huku Nyanza mpaka nywele zikawa nyeupe. Yeye huniita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, mimi namwita Mwalimu. Ana rundo la picha alizokusanya enzi za kazi, na pensheni ikiingia huniletea moja. Haiachi akaenda zake. Huvuta kibao, akaketi, akaanza maswali, na swali la kwanza huwa lilelile: kitu chenyewe kina ukubwa gani?

Siku ya Primavera, kazi ya mchoraji Botticelli wa Florence, Italia, karatasi aliyokuja nayo haikuzidi ukurasa wa gazeti. Akaomba tepu na chaki. Tukapima ukutani: sentimita 203 kwenda juu, 314 kwenda pembeni. Mstari ulipita juu ya rafu ya gundi, ukavuka mlango wa stoo, ukaishia karibu na dirisha. Akaniambia nisimame ndani yake. Watu wa picha ile wanakaribia kimo changu. Mchoro wa namna hiyo hautazamwi kwa kuinamisha kichwa kama kalenda. Unaingia chumbani na kukuta watu wengine wamekwisha kufika.

Kisha tukapima tawi la mlozi lililochanua la mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh. Sentimita 73 kwa 92. Huo ni ukubwa ninaoukata kila mara, wa picha ya harusi ya kutundika juu ya kochi. Chaki ya picha hizo mbili ilikaa ukutani wiki nyingi, ndogo ndani ya kubwa, na wateja wakadhani nataka kutoboa dirisha.

Primavera ilichorwa karibu mwaka 1480, juu ya ubao, kwa rangi iliyokorogwa na kiini cha yai. Leo iko katika jumba la Uffizi hukohuko Florence. Jina lake ni la majira ya machipuko, na nyasi zilizo miguuni pa watu wake zimejaa maua kiasi kwamba wataalamu wa mimea wametambua aina zaidi ya 100. Lakini anayeanzia kwenye maua ameanzia pasipo. Mwalimu alinielekeza nianze kulia, maana kisa kinatembea kutoka kulia kwenda kushoto. Kulia kabisa yuko Zephyrus, upepo wa magharibi, mwenye mabawa, ngozi yake ya bluu inayoelekea kijani, mashavu yamejaa pumzi. Miti imeinama kwa ujio wake. Amemshika msichana aitwaye Chloris, naye anakimbia huku amegeuza shingo kumtazama anayemfukuza, na kinywani mwake yanatoka maua. Hatua moja mbele amesimama mwanamke mwingine, ametulia, gauni limejaa maua, anatapanya waridi. Huyo ni Flora, naye ni Chloris yuleyule baada ya kuolewa na upepo. Mshairi wa Kirumi, Ovid, ndiye aliyesimulia kisa hicho, na hakuficha kwamba bibi huyo alichukuliwa kwa nguvu kwanza, bustani akapewa baadaye.

Nyanya yangu aliolewa kwa kukamatwa njiani akitoka mtoni, kama wasichana wengi wa rika lake. Nilipoenda nyumbani nilimwonyesha picha hiyo. Hakuuliza habari za maua. Aliweka kidole juu ya Chloris, akasema, "Huyu anapelekwa wapi?" Nikamwonyesha Flora, nikamweleza kwamba ni yeye yuleyule, baadaye. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Naona amezoea," akasema, akanirudishia.

Mteja akiniletea Primavera ya kutundika juu ya kitanda cha maharusi, naitia fremu vizuri na kupokea pesa yangu, ila sitamwambia kwamba ni picha tamu. Heshima yangu kwa Botticelli haikupungua hata kidogo. Angeweza kuchora Flora peke yake na waridi zake, na watu wangempenda vilevile. Badala yake aliweka hofu na maua kwenye kona moja, gauni likigusana na gauni, kisha akatuachia tuamue. Waliobaki nawapita haraka: Venus, mungu wa kike wa mapenzi, katikati, mwanawe Cupid juu yake amefungwa kitambaa machoni na bado anarusha mshale, wanawake watatu wanacheza wameshikana vidole, na Mercury, mjumbe wa miungu, kushoto kabisa, amewapa mgongo wote, anachokora mawingu kwa fimbo. Kila nikimtazama Mercury namkumbuka yule mjomba wa kila harusi ambaye kazi yake ni kukagua hema.

Mwalimu ni mtu wa jiografia kabla ya kuwa mtu wa sanaa, kwa hiyo hakuniacha nishangilie machipuko bila kujua yanatoka wapi. Kwetu ikweta inapita pale Maseno, na mchana ni wa saa 12 hivi, Januari sawa na Julai. Florence mwezi wa Desemba mchana ni saa 9 tu. Amsterdam haufiki saa 8. Miti inabaki vijiti, ardhi inakuwa ngumu, na katika karne ya Botticelli watu walikuwa wakila walichoweka ghalani huku wakiona ghala linashuka. Ua la kwanza kwa mtu kama huyo lilikuwa taarifa kwamba hatakufa mwaka huu. Nikiwa na hilo kichwani, zile bustani za kwenye kalenda zilianza kunionyesha kitu kingine. Nilianza kutafuta baridi ndani yake: tawi moja lililobaki tupu, anga ambalo halijawa safi, mtu ambaye bado amejifunga shali.

Na sisi tuna kungoja kwetu. Februari uwanda wa Kano hupasuka, vumbi linaingia hadi ndani ya kabati, na kila mtu ana maoni kuhusu wingu lililoonekana upande wa ziwa. Mvua za masika huanza Machi zikitaka. Lakini kabla hazijaja, wakati huohuo wa ukavu, mti ambao Waluhya wanauita murembe huwaka maua mekundu juu ya matawi yasiyo na jani hata moja. Nakuru na miji mingine ya juu kuna jakaranda, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, nayo huanza kumwaga zambarau yake Septemba na Oktoba, matawi yakiwa karibu uchi, kabla ya mvua za vuli. Nimeishi na miti hiyo tangu utotoni. Ni picha ya van Gogh iliyonifanya niulize kwa nini inachanua kabla ya kuvaa.

Mlozi nao ndivyo ulivyo: maua kwanza, majani baadaye, na baridi ingali ipo. Tarehe 31 Januari 1890 Theo van Gogh, aliyekuwa akimtunza ndugu yake kwa fedha na kwa barua, alipata mtoto wa kiume, akampa jina la ndugu yake, Vincent. Wakati huo Vincent mkubwa alikuwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Akachora matawi ya mlozi dhidi ya anga la bluu, zawadi ya mtoto, ya kutundikwa chumbani kwa wazazi. Hakuna ardhi katika picha hiyo, hakuna shina wala upeo wa macho. Ni kama mtu amelala chali chini ya mti, au ni mtoto mchanga aliyelazwa kitandani kwake, anatazama juu. Alipougua tena katika siku hizo, msimu wa maua ukampita. Julai mwaka huohuo alifariki. Mtoto alikua, akawa mhandisi, na ndiye aliyehangaika mpaka makumbusho ya van Gogh yakafunguliwa Amsterdam mwaka 1973. Picha ya chumbani kwa wazazi wake iko huko.

Kuna jambo moja hapa ambalo fundi wa fremu hawezi kulipita. Maua yale tunayoyaona meupe yalikuwa na rangi ya waridi zaidi yalipochorwa. Rangi nyekundu aliyotumia haikuvumilia mwanga. Mimi nayaona hayo kila mwaka kwa picha za bei nafuu. Mtu anatundika picha ya harusi mkabala na dirisha la mashariki, jua la Kisumu linaifanyia kazi asubuhi baada ya asubuhi, na wekundu ndio unaoondoka kwanza. Bibi harusi anabaki wa bluu. Kwa hiyo wateja wangu huwaambia: ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja, usiovuja, na fremu iwe na nafasi kidogo ili kioo kisigandane na picha wakati wa unyevu. Wengi huitika, wakaenda wakatundika mkabala na dirisha.

Tawi lile la mlozi ndilo lililonipa kitu ambacho sasa nakitafuta katika kila picha ya machipuko na kila sanamu ya mapenzi: msanii mzuri huchagua saa ya kabla. Matunda hayapo bado, majani hayapo bado. Botticelli alimkamata Chloris maua yakiwa ndiyo kwanza yanatoka kinywani. Kilichokamilika hakina haja ya mtazamaji. Kile ambacho hakijatimia kinamwomba amalizie, na hapo ndipo moyo unapoingia.

Hapahapa Kisumu kuna picha iliyonionyesha jambo hilo kwa upande wa mapenzi kabla sijaliona kwenye sanamu yoyote. Aliileta mzee mjane, picha ya studio ya miaka ya 1970, nyeusi na nyeupe, pembe zimeliwa. Nyuma yao kuna pazia lililochorwa kwa mkono, kama studio zote za wakati ule: bustani ya waridi, chemchemi, miti yenye maua meupe, na kwa mbali mlima wenye theluji. Machipuko ya Ulaya, yamechorwa na mtu ambaye huenda theluji aliiona kwenye friji ya soda. Mzee, wakati huo kijana, amekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Mkewe amesimama nyuma, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti. Kati ya vidole vyake na bega la mume pana nafasi ya unene wa kidole kimoja.

"Mpiga picha alimwambia aniwekee mkono begani," mzee alinieleza. "Akakataa. Mama yangu alikuwa nje anatungoja."

Nilipokuwa nachagua mbao aliomba jambo moja tu, ukingo wa fremu usiufunike ule mkono.

Sasa Rodin, mchongaji wa Ufaransa. Sanamu yake ya Busu inajulikana hata na watu wasiojua jina lake. Imepita kwenye kalenda, kadi na vikombe. Ni mwanamume na mwanamke wamekaa juu ya mwamba, uchi, wamekumbatiana. Serikali ya Ufaransa iliagiza ile ya marumaru mwaka 1888, ikaonyeshwa hadharani 1898. Urefu wake ni sentimita 181, na hapo wamekaa. Wangesimama wangegonga dari yangu. Wapendanao hao wana majina: Paolo na Francesca, Waitalia wa karne ya 13. Francesca alikuwa mke wa kaka yake Paolo. Walikuwa wakisoma pamoja kisa cha mapenzi, wakafika mahali ambapo wapenzi wa kitabuni wanabusiana, na mume akawakuta, akawaua. Dante, mshairi wa Italia, aliwaweka jehanamu, wanapeperushwa na upepo usiotulia. (Upepo tena. Wachoraji na washairi hao wana neno na upepo.) Kitabu bado kimo mkononi mwa Paolo, ukizunguka upande wa nyuma. Na ukitafuta pembe nzuri ya kutazama, utaona kwamba midomo haijagusana. Sanamu maarufu kuliko zote za busu haina busu.

Mwalimu aliponionyesha hilo nilifikiri ananichezea. Nikachukua kioo cha kukuzia ninachotumia kukagua pembe za fremu. Kweli.

Kwa hiyo ninapotazama sanamu ya wapendanao siku hizi siendi usoni kwanza. Uso hudanganya, hasa uso wa marumaru. Naenda kwenye mikono, na kwenye nafasi iliyobaki kati ya mwili na mwili. Mkono wa Paolo umekaa juu ya paja la Francesca kwa wasiwasi wa mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Francesca ndiye aliyemzungushia mkono shingoni. Mwulize mtu nani ameanza, utamsikia akijibu bila kusita, "Mwanamume." Mwambie atazame mikono.

Wachongaji wa Tabaka, kule Kisii, wana wapendanao wao. Huwa naenda huko kununua viweko vya picha vya mawe laini, na njia nzima ya kutoka Kisii unakutana na vumbi jeupe kwenye majani ya migomba. Jiwe linatoka machimboni likiwa na rangi yake, jeupe, la krimu, la waridi, la kijivu, na ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu. Sanamu inayouzwa sana ni ya watu wawili waliosokotana, vichwa viwili mfano wa yai, mwili mmoja. Nilimkuta mzee mmoja anaichonga chini ya mti, nikamuuliza mbona hawana macho.

"Macho ya nini, mama? Wamekaribiana hivyo, wataona nini?"

Na mikono, mbona imegandana na mgongo?

"Hapo nikiacha nafasi itavunjika kwa gari kabla haijafika Mombasa."

Nililipenda jibu la pili kuliko la kwanza. La kwanza nadhani amewaambia watalii wengi. La pili ni la fundi: jiwe laini huvunjika pale palipo pembamba, shingoni, kifundoni, kwa hiyo mapenzi ya Tabaka hayana nafasi katikati. Jiwe limekataa. Rodin alikuwa na marumaru na karakana ya watu. Aliweza kumudu ule upenyo mwembamba kati ya midomo miwili. Nikitazama wapendanao wa Tabaka nafsi haisubiri, inapumzika. Ni aina nyingine ya mapenzi, ya watu waliokwisha kufika, na siwezi kusema ni duni. Ila naweza kusema kwamba nimeona mikono ya wachongaji hao ikifanya kazi bora zaidi wanapoachiwa jiwe kubwa na muda. Elkana Ong'esa wa Kisii ana ndege wake wa amani katika makao ya UNESCO mjini Paris, jiji lilelile lenye Busu.

Pembeni mwa mzee walikuwa wanawake na mabeseni ya maji, wanasugua sanamu kwa msasa uliolowa mpaka inang'aa. Bila wao jiwe linabaki na makovu ya kisu. Majina yao hayaandikwi popote. Kabla hamjawasikitikia sana watu wa Tabaka, jueni kwamba Rodin naye hakuchonga marumaru yale kwa mkono wake. Alifinyanga udongo, na mafundi wa kukata mawe, kwa sanamu hii Jean Turcan, wakaihamishia kwenye jiwe.

Na alikuwepo Camille Claudel, aliyefanya kazi katika karakana hiyohiyo, akawa mwanafunzi wa Rodin, msaidizi wake, mpenzi wake. Sanamu yake ya wawili wanaocheza dansi, Waltz, naipenda kuliko Busu. Wameegemea upande mmoja kiasi kwamba hawana budi kuanguka au kuzunguka tena; kichwa cha mwanamke kimelala shingoni mwa mwenzake, na vazi linawafuata nyuma kama vile lenyewe ndilo linalocheza. Vazi hilo lina hadithi. Mwanzoni walikuwa uchi wote wawili, na mkaguzi wa serikali akasema haifai, wavishwe. Wanaume wa wakati ule walichonga uchi kila siku bila kuvishwa na mtu. Claudel aliwavisha, na vazi alilotengeneza kwa kulazimishwa likawa ndio mwendo wenyewe wa sanamu. Mwaka 1913 familia yake ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1943. Siijui sanamu nyingine ya mapenzi inayonifanya nishike pumzi hivyo, na siwezi kuitenganisha na miaka hiyo 30.

Karibu na kwetu, wapendanao ninaowapenda ni ng'ombe. Jak Katarikawe, mchoraji kutoka Kigezi, Uganda, aliyeishi Nairobi na kufariki mwaka 2018, alichora ng'ombe wa rangi laini za ndotoni, wanategemezana shingo, wanapeana siri, na kila mtazamaji anajua kwamba hao ni watu. Hakusomea sanaa shuleni. Nilimwonyesha dada yangu picha yake moja kwenye simu, akauliza, "Hawa wamependana au ndio mahari yenyewe?" Katika sehemu hizi swali hilo si la mzaha tu.

Kisha kuna sanamu ambayo haikuchongwa na mtu. Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, pale Ilesi, upande wa barabara linasimama jiwe linalolia: nguzo ya mwamba ya mita 40 hivi, juu yake jiwe jingine mfano wa kichwa, na maji yanateremka kwenye mfereji wa mbele. Wenyeji husimulia habari za msichana aliyempenda mwanamume ambaye nyumbani walimkataa, akageuka jiwe, na mpaka leo analia. Chini yake, wafinyanzi wa Ilesi wanauza vyungu vyenye shingo na tumbo. Mwalimu anashikilia kwamba jiwe lile si sanaa, kwa kuwa hakuna aliyeamua liwe vile. Mimi nasema aliyelitazama kwanza akaona msichana, badala ya kuona mzee au tembo, huyo ndiye mchongaji. Tumebishana hapo mpaka chai ikapoa. Tunachokubaliana ni kwamba hata jiwe hilo limekomea kwenye saa ya kabla. Hakuna toleo la kisa hicho nililosikia ambamo wazazi wanakubali.

Mwana wa kaka yangu anachora Nakuru na kuuza kwa wapitao. Msimu wa jakaranda uliopita aliniletea turubai ya kutia fremu: barabara ya zambarau, wapenzi wawili chini ya mti, wanabusiana kinywa kwa kinywa. Mti wake ulikuwa na majani tele ya kijani. Nilimwuliza jakaranda gani hiyo.

"Shangazi, wateja wanataka kijani."

Haya. Nikamwambia basi angalau awatenganishe wale wawili kidogo tu, unene wa kidole.

"Nikiwatenganisha watadhani wamegombana."

Tulicheka, lakini aliporudi Nakuru alichora nyingine, matawi tupu yenye maua, na wale wawili karibu, karibu sana, bila kugusana. Akazitundika zote mbili. Ya busu iliuzwa kwanza, tena kwa bei nzuri, kwa mtu aliyekuwa anaelekea Eldoret. Ya pili imeletwa kwangu nijaribu bahati ya Kisumu. Nimeitilia mbao nyembamba nyeusi, nimeiweka ukuta usio na jua, na Mwalimu ameshauliza bei mara mbili, akisingizia kwamba anauliza kwa niaba ya rafiki.